Je, wajua kwa nini mkimbiaji anayekujia ni mgumu kwa kamera kuliko anayekupita?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kamera za televisheni viwanjani humfuata mchezaji na kumweka kwenye fokasi, yaani aonekane safi bila ukungu, zenyewe, na kwamba mchezaji akizidi kasi, kamera nayo inazidi kutaabika. Nilikosea yote mawili.

Nilishtuka siku ya michezo shuleni kwa mpwa wangu, nikiwa na kamera ya kuazima yenye lenzi ndefu. Alipokatiza mbele yangu alitoka safi. Alipokata kona na kuja moja kwa moja nilipo, kamera ikamwacha, ikang'ang'ania waya wa uzio nyuma yake. Mtoto hakuwa ameongeza mwendo hata kidogo.

Kwanza, ukungu si wa aina moja. Mguu ukiacha mburuzo kwenye picha huku namba ya kifuani inasomeka, fokasi haina kosa. Usain Bolt alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 mjini Berlin mwaka 2009, wastani wake ulikuwa mita 10.4 kwa sekunde. Shata, yaani pazia la kamera linaloruhusu mwanga, ikikaa wazi 1/50 ya sekunde, mwili wake husogea kama sentimita 20 kabla haijafunga. Dawa ni kufupisha muda wa shata. Mimi nilikuwa nazungusha pete ya fokasi, tena kwa bidii.

Pili, fokasi haijali kasi, inajali umbali. Marehemu Kelvin Kiptum alimaliza marathoni ya Chicago mwaka 2023 kwa saa 2:00:35, karibu kilomita 21 kwa saa. Mkimbiaji wa namna hiyo, ukimrekodi kutoka kwenye pikipiki inayotangulia kwa mwendo uleule, kwa lenzi ni kama amekaa kitini.

Kasheshe iko kwa anayekuja. Lenzi sahili, ya kioo kimoja, ya milimita 100 ikimfuata mtu kutoka mita 100 hadi 90, inahitaji kusogea kama milimita 0.011 tu. Kutoka mita 20 hadi 10, inahitaji kama nusu milimita. Mita za mkimbiaji ni zilezile kumi, lakini lenzi imefanya kazi kubwa mara 45. Ni kama kutazama jahazi kutoka gatini: asubuhi nzima liko palepale kwenye upeo wa macho, unageuka kununua kahawa, ukirudi linatupa kamba. Nahodha hakubadili mwendo. Anayeshika fokasi basi hawezi kuzungusha kwa mwendo mmoja. Anaanza taratibu mno, halafu mkono unakimbia.

Tena mkono kweli. Kwenye kamera kubwa za uwanjani, mpigapicha kwa kawaida huzungusha kishikio cha fokasi kwa mkono mmoja, na kidole gumba cha mkono mwingine kinavuta picha karibu au kuirudisha. Kioo anachotazamia kinaweza kumwekea rangi kwenye kingo zilizo kali, ajue amempata. Kampuni ya Fujifilm ilitangaza lenzi ya uwanjani yenye fokasi ya kujiendesha mwaka 2019, wakati simu zilikuwa na kitu hicho tangu zamani.

Kinachomsaidia mpigapicha huyo ni udogo wa sensa, kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera. Ya kamera hizo ina ulalo wa milimita 11. Ya kamera niliyoazima ilikuwa 43. Kwa fremu ileile na tundu la lenzi la namba ileile, eneo lililo safi mbele na nyuma ya mchezaji kwenye sensa kubwa hupungua takriban mara nne. Mvuto wa mandharinyuma yaliyofifia unalipiwa hapo. Hesabu hizi ni za lenzi sahili, na lenzi halisi zina vioo vingi vinavyosogea kwa njia zake; tena akiirudisha picha nyuma kadiri mtu anavyokaribia, kazi hupungua sana.

Wengine hawamfuati kabisa. Wanaweka fokasi kwenye mstari wa kumalizia na kumsubiri aingie mwenyewe. Mbio zilizofuata nililenga chokaa, nikaacha pete. Mpwa wangu alitoka safi kabisa, yeye na wale wanne waliomtangulia.