Muungano wa Norwe na Uswidi haukuvunjika kwa siku moja

Wengi husimulia kwamba Juni 7, 1905, Bunge la Norwe lilipiga kura, na muungano na Uswidi ukaishia hapo. Azimio hilo lilipita kweli, lakini lilikuwa la upande mmoja. Mfalme Oscar II, aliyetawala nchi zote mbili, alilipinga, na Uswidi haikulitambua.

Kinachosahaulika ni serikali ya mseto ya Waziri Mkuu wa Uswidi, Christian Lundeberg, iliyoingia madarakani Stockholm Agosti 2. Lundeberg alikuwa mhafidhina, ila alimchukua hata Karl Staaff, mliberali. Kazi yao kuu ilikuwa kumaliza suala la Norwe kwa masharti ya Bunge la Uswidi. Sharti la kwanza, kuwauliza wananchi wa Norwe, lilitimia Agosti 13: kura 368,208 zilitaka kuvunja, 184 zilikataa. Wanawake hawakuruhusiwa kupiga kura hiyo.

Ugumu hasa ulikuwa kwenye ngome za Norwe za mpakani. Mazungumzo ya nchi hizo mbili katika mji wa Karlstad, Uswidi, yalianza Agosti 31, yakakwama kwa siku kadhaa mwezi Septemba, huku majeshi yakiwa tayari pande zote mbili. Hatimaye, Septemba 23, Norwe ilikubali kubomoa ngome mpya kama za Ørje. Zile kongwe za Fredriksten na Kongsvinger zikaachwa. Pia palikubaliwa ukanda usio na majeshi, usuluhishi wa migogoro, na haki za Wasami, wafugaji wa asili wa kaskazini, kuchunga kulungu wao wa Aktiki (reindeer) ng'ambo ya mpaka.

Oscar aliachia taji la Norwe Oktoba 26. Novemba 7, Lundeberg alimpisha Staaff kwenye uwaziri mkuu.