Chokaa Inayozaliwa Majini: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Chukua glasi ya maji ya chokaa yaliyochujwa vizuri na kuzimuliwa kidogo, tumbukiza mrija, kisha puliza taratibu (puliza tu, usifyonze, maji hayo huwasha mdomo). Punde maji yanageuka meupe kama maziwa mepesi. Karibu kila aliyesoma kemia amelifanya jaribio hili, na wengi waliishia hapo. Mwalimu alisema "hiyo ni hewa ukaa ya pumzi yako", daftari likafungwa. Laiti angewaacha waendelee kupuliza! Weupe ungepungua, ukapungua tena, hadi maji yakawa angavu kama mwanzo. Na ukiyachemsha maji hayo hayo, weupe unarudi.

Unga unaotokea, kutoweka na kurudi ndani ya glasi moja ni kalsiamu kaboneti, CaCO₃. Ndiyo iliyomo kwenye mawe ya chokaa, marumaru, maganda ya mayai, makome ya pwani na ule ukoko mweupe wa ndani ya birika. Mwanzoni hewa ukaa (CO₂) inaungana na hidroksidi iliyomo kwenye maji ya chokaa na kuuzaa unga huo; mwenendo wake baada ya hapo umo kwenye mstari huu:

Ca²⁺ + 2HCO₃⁻ ⇌ CaCO₃ + CO₂ + H₂O

Tazama mshale: unaelekea pande mbili. Ukiongeza hewa ukaa, jiwe linayeyuka na kwenda na maji likiwa bikaboneti (HCO₃⁻). Ukiiondoa, jiwe linazaliwa upya. Dhana potofu nyingi kuhusu jambo hili ni za watu walioona upande mmoja wa mshale. Lugha nayo inachangia, maana neno chokaa tunalitumia kwa jiwe lenyewe, kwa jiwe lililochomwa tanurini, kwa lile lililochomwa kisha likazimwa kwa maji, na hata kwa weupe uliopakwa ukutani. Kwa mkemia hivyo ni vitu vitatu: kaboneti, oksidi na hidroksidi.

"Maji ya moto huyeyusha chokaa zaidi"

Tumezoea sukari na chumvi nyingi, ambazo maji yakipata moto huzipokea zaidi. Kalsiamu kaboneti ni kinyume. Maji safi yasiyo na hewa ukaa huyeyusha takriban miligramu 14 tu kwa lita katika nyuzi 25 za Selsiasi, na yakipata moto uwezo huo unashuka. Maji yenye hewa ukaa tele huweza kubeba mamia ya miligramu, ila kuyachemsha ndiyo kuifukuza hewa hiyo. Kwa hiyo moto unapiga mara mbili.

Chungulia ndani ya birika la umeme lililotumika miezi kadhaa kwa maji magumu, yaani yenye kalsiamu nyingi. Ukoko haujaenea sawasawa. Palipo na waya wa joto ndipo ulipo mnene, ukipanda ukutani unakuwa mwembamba, na kwenye mfuniko huuoni. Banja kipande ukitie siki: kitachemka kwa mapovu, na mapovu hayo ni hewa ukaa ikitoka tena. Wapo wanaodhani ule ni uchafu wa maji, wakahamia kusugua. Ni jiwe la chokaa kama lile la mlimani, tofauti ni umri. Kwenye boila za viwandani jambo hili si la mzaha: ukoko huzuia joto lisifike majini, kuni au mafuta yanaliwa bure, na chuma kilichofunikwa hupata moto kupita kiasi hadi kikapasuka.

Kwa wanaouliza kama ukoko huo ndio unaogeuka mawe ya figo: mawe mengi ya figo ni kalsiamu oksaleti, kitu kingine kabisa.

"Nguzo za mapangoni hutokana na maji kukauka"

Hili limo hata kwenye vitabu. Kisa chake kinavutia: tone linaning'inia darini, linakauka, linaacha madini. Lakini ingia kwenye pango lenye kina uone miwani yako inavyofuka ukungu. Hewa humo imejaa unyevu karibu kufikia kikomo chake, na maji hayana pa kukaukia.

Kinachotokea ni hiki. Mvua inapopenya ardhini inakutana na hewa iliyonaswa kati ya chembe za udongo, ambamo mizizi na vijidudu vinapumua. Hewa hiyo ina ukaa mwingi kuliko ya juu, pengine mara kumi au zaidi. Maji yanaibeba, yanakuwa na uchachu kidogo, na njiani yanalila jiwe. Yanapochungulia kwenye dari ya pango, yanakuta hewa isiyo na ukaa mwingi kama ule wa udongoni. Tone linaitoa gesi yake kimyakimya, mfano wa soda iliyoachwa wazi. Likishaitoa haliwezi tena kubeba mzigo wote wa kalsiamu, nalo linaacha pete nyembamba ya fuwele kwenye ukingo wake kabla ya kudondoka. Tone jingine, pete nyingine. Ndiyo maana stalaktiti changa (nguzo inayoning'inia darini) huwa na tundu katikati kama mrija: ni pete zilizopangana. Nyingi hurefuka kwa takriban sehemu ya kumi ya milimita kwa mwaka, yaani sentimita moja kwa karne.

Kukauka kuna nafasi yake karibu na mlango wa pango, penye upepo, na huko madini huelekea kuwa na vinyweleo na kumomonyoka. Kwenye mabwawa meupe ya Pamukkale, Uturuki, unaona kanuni ileile bila dari: maji ya chemchemi yenye uvuguvugu yanapomwagika kwenye ukingo wa bwawa yanatikisika, gesi inatoka, na ukingo ndio unaokua. Hivyo bwawa linajijengea ukuta lenyewe. Mfereji wa Kirumi uliopeleka maji Nîmes, Ufaransa, ule unaopita juu ya daraja la Pont du Gard, ulijijengea ukuta wa aina hiyo kwa ndani pasipo kutakiwa, hadi njia ya maji ikasongwa na tabaka nene la chokaa.

"Maji yakizidiwa na chokaa lazima yaitoe"

Bahari inalikanusha hili kila siku. Maji ya juu ya bahari nyingi yana kalsiamu na kaboneti mara kadhaa zaidi ya kiwango ambacho kalsaiti, fuwele ya kawaida ya kalsiamu kaboneti, ingepaswa kuanza kuganda. Hata hivyo hayageuki maziwa. Fuwele inahitaji mbegu, kichembe cha kwanza cha kujishikiza, na kichembe kidogo mno huyeyuka kabla hakijakua. Juu ya hayo, bahari imejaa magnesiamu, ambayo huingia kwenye fuwele changa ya kalsaiti na kuikwamisha. Ndiyo maana fuwele ikifaulu baharini mara nyingi huwa aragonaiti: kemikali ileile, mpangilio mwingine wa atomi. Matumbawe na lulu ni aragonaiti. Ipo na ndugu ya tatu, vateraiti, dhaifu, ambayo ikiachwa ndani ya maji hubadilika kuwa mojawapo ya wenzake.

Kwenye maji ya kina kifupi ya Bahama huonekana mawingu meupe baharini, chembe laini za aragonaiti zikielea. Wanajiolojia wamebishana kwa miongo mingi: zimezaliwa humo majini, au ni matope ya sakafuni yaliyotibuliwa?

Viwanda vimejifunza kutokana na ugumu huu. Miligramu chache za dawa iitwayo fosfoneti kwa lita ya maji ya kupozea mitambo zinatosha kuzuia ukoko, ingawa kalsiamu ni nyingi kuzidi mara nyingi dawa yenyewe. Dawa haiondoi kalsiamu. Inakaa juu ya vichembe vichanga na kuvinyima nafasi ya kukua.

"Makome na matumbawe hufyonza hewa ukaa, kwa hiyo hupoza dunia"

Hapa ndipo watu wenye nia njema hukosea zaidi. Hoja inaonekana kamili: gamba lina kaboni, kaboni ilikuwa majini, basi gamba limeificha. Rudi kwenye mstari wetu. Ioni mbili za bikaboneti zinaingia, kaboni moja inabaki kwenye jiwe, ya pili inatoka kama CO₂. Katika maji ya bahari ya leo sehemu ya gesi hiyo inamezwa na kemia ya maji yenyewe, na kwa kila molekuli ya kaboneti inayoganda zinatoka kama 0.6 za hewa ukaa. Kwa muda mfupi, ujenzi wa gamba unaisukuma gesi kuelekea angani.

Je, mawe ya chokaa basi si ghala la kaboni? Ni ghala, tena kubwa kuliko yote karibu na uso wa dunia. Ila lilijazwa kwa njia ndefu: mvua yenye ukaa ilikula miamba ya silikati, ikatoa kalsiamu mpya, mito ikaipeleka baharini. Kinachofyonza hewa ni kule kuliwa kwa mwamba. Gamba linakuja mwishoni kufunga hesabu. Kazi hiyo inahesabiwa kwa malaki ya miaka.

Wala si kila gamba linalozama linahifadhiwa. Kwenye vilindi vya takriban kilomita nne hadi tano, baridi, mgandamizo na hewa ukaa iliyolimbikizana huyeyusha magamba yanayoshuka, na sakafu ya huko hubaki na udongo usio na chokaa.

"Kutia chokaa kwenye maji magumu ni kuyazidishia ugumu"

Mwaka 1841 Thomas Clark, mkemia wa Aberdeen, alipata hataza ya kufanya hivyo hivyo kwa lengo la kuyalainisha. Chokaa aliyoitumia ni ile iliyozimwa, hidroksidi. Inakamata hewa ukaa inayoishikilia kalsiamu majini, bikaboneti inageuka kaboneti, na kalsiamu yote, ile ya asili na ile uliyoitia, inatuama chini kama unga. Unatia ili utoe. Mitambo ya kusafisha maji inatumia njia hii hadi leo. Isichokigusa ni ugumu wa kalsiamu iliyofungamana na salfeti, ambao hata kuchemsha hakuuondoi.

"Unga wa chokaa wa viwandani ni mawe yaliyosagwa tu"

Upo uliosagwa, na ni mwingi. Lakini mwingine umezaliwa upya: jiwe linachomwa kwa nyuzi 900 hivi, linazimwa kwa maji, kisha hewa ukaa inapitishwa kwenye tope hilo jeupe. Ni ile glasi yetu, sasa ikiwa tangi. Mtu atauliza, kwa nini mzunguko mrefu wa kurudi palepale? Kwa sababu ya umbo. Kwa kubadili joto, kasi ya gesi na uzito wa tope, fundi anaamua kama apate sindano, vijitofali au vishada vyenye ncha. Vishada huipa karatasi unene na kuifanya isipitishe mwanga. Dawa ya meno inahitaji chembe zisizokwaruza. Viwanda vingine vya karatasi huchukua gesi hiyo kwenye bomba lao la moshi, na hapo matangazo huanza kujisifu. Kaboni inayorudishwa ni kiasi kilekile kilichotolewa jiwe lilipochomwa. Ya kuni au mafuta ya tanuri haimo kwenye hesabu.

Kiwanda cha sukari ya viazisukari kinafanya yaleyale na unga wenyewe hakiuhitaji: juisi inatiwa chokaa, inapulizwa gesi, kaboneti inapoganda inanasa takataka, halafu inachujwa na kutupwa nje.

"Plasta ya chokaa inashika kwa kukauka"

Ingekuwa hivyo, mafundi wasingekuwa wanainyunyizia maji. Kukauka ni mwanzo tu; ugumu unakuja hidroksidi inapokunywa hewa ukaa na kurudi kuwa jiwe, na kazi hiyo inahitaji unyevu, maana gesi lazima iyeyuke kwanza majini. Plasta iliyokaushwa haraka na jua hubaki unga unaopukutika ukiipangusa kwa kiganja. Vunja kipande cha ukuta mnene wa namna hiyo, paka fenoltalini, dawa ya maabara inayogeuka waridi ikikuta hidroksidi, kwenye mpasuko. Ukingo wa nje unabaki mweupe. Ndani, ambako hewa bado haijafika, kunageuka waridi, hata kama ukuta umesimama miaka mingi.