Mgongo umenishika, nilale? Maswali ya mgongo na magoti kutoka Kisumu

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, hapa Kisumu. Wengi wanaokuja kwangu wanakula jasho lao: wauza samaki wa Kibuye, wavuvi wa Dunga, waendesha bodaboda, wakata miwa kutoka upande wa Muhoroni. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa karibu kila wiki, na nimeyaacha kwa maneno yao.

Jumatatu niliinua beseni la omena, mgongo ukanishika palepale. Shemeji ananiambia nilale sakafuni wiki nzima. Nilale?

Usilale wiki nzima, mama. Siku ya kwanza maumivu yakizidi, jinyooshe saa moja au mbili. Kisha inuka, zunguka uani, chemsha chai, kaa, inuka tena. Mgongo uliolazwa hukakamaa na misuli yake hulegea, na siku ya kuinuka unakuta kazi imekuwa ngumu kuliko ulipoanza.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1995 watafiti wa Helsinki, Finland, walitoa matokeo ya wafanyakazi 186 wa jiji lao walioshikwa na mgongo. Kundi moja liliambiwa lilale siku mbili, la pili likapewa mazoezi maalumu ya mgongo, la tatu likaambiwa liendelee na shughuli zake kadiri maumivu yanavyoruhusu. La tatu ndilo lililopona upesi zaidi. Tazama vizuri hapo: katika siku zile za mwanzo, hata mazoezi yetu sisi wataalamu hayakushinda shughuli za kawaida. Kwa hiyo mtu akitaka kukuuzia vipindi kumi vya matibabu siku ya pili ya maumivu, muulize ni vya kazi gani.

Nenda sokoni, ila beseni zima liache kwa muda. Gawa omena katika mabeseni mawili madogo. Beseni likiwa chini, lisogelee mpaka vidole vya miguu viliguse. Piga goti moja, livute lipande juu ya paja, likumbatie likugonge tumbo, ndipo usimame. Fanya hivyo wiki za mwanzo tu. Mgongo ukipoa, rudi kuinama kama ulivyozoea, kwa maana mgongo umeumbwa kuinama. Kwa watu wengi maumivu ya ghafla ya namna hii hupungua sana ndani ya wiki chache.

Nimepiga picha ya MRI, karatasi inasema disk imetokeza. Je, nitapooza?

Kuna mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyeniletea karatasi ya MRI imekunjwa mara nne, na neno hilohilo amelipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Alikuwa ameacha kumbeba mtoto wake wa miaka miwili. Alifua ameketi, alitembea kama aliyebeba mayai. Nilipompima miguu, nguvu zilikuwepo zote na ganzi haikuwepo.

Disk ni mto mgumu ulio kati ya pingili na pingili ya uti wa mgongo. Kadiri umri unavyosonga, mito hiyo hukauka na mingine hufura. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya picha za MRI za watu 98 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Zaidi ya nusu yao, asilimia 52, walikuwa na disk iliyofura angalau mahali pamoja. Watu hao walikuwa wakifanya shughuli zao bila habari. Kwa hiyo karatasi peke yake haisemi kwamba hiyo disk ndiyo inayokuumiza, sembuse kwamba utapooza.

Maumivu yakiteremka mguuni hadi chini ya goti, huenda mshipa wa fahamu umebanwa. Hata hayo kwa wengi hupoa bila kisu, na mara nyingi disk iliyotokeza hunywea yenyewe baada ya miezi. Upasuaji una nafasi yake, hasa mguu ukianza kupoteza nguvu.

Yule mwalimu tulimwanzishia mtungi wa lita 5 uliojaa maji nusu. Anauinua kutoka kwenye kiti, anaurudisha, mara nane. Baadaye mtungi ukajazwa, kisha ukateremshwa sakafuni. Ilichukua wiki nyingi na kulikuwa na siku za kurudi nyuma. Siku aliyomwinua mtoto mbele yangu, mikono yake ilitetemeka, lakini mgongo haukulalamika. Kilichokuwa kimemfunga zaidi ni ile hofu iliyotoka kwenye karatasi, na nasikitika kila nikikumbuka kwamba hakuna aliyekaa naye dakika kumi kumweleza maana ya maneno yale.

Ni kweli kubeba mzigo kichwani ndiko kunakoharibu migongo ya mama zetu?

Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti juu ya wanawake Waluo na Wakikuyu wa Kenya wanaobeba mizigo, Waluo kichwani na Wakikuyu kwa kamba ya paji la uso. Iligunduliwa kwamba waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili bila kutumia nguvu zaidi ya wanayoitumia wakitembea mikono mitupu. Mama zetu wana ustadi ambao maabara ililazimika kuusoma.

Lakini utafiti ule ulipima nguvu zinazotumika, haukupima maumivu. Tena piga hesabu. Mama wa kilo 60, asilimia 20 yake ni kilo 12. Mtungi wa lita 20 una kilo 20 za maji, yaani thuluthi ya uzito wake. Hapo ile nafuu imepitwa. Shingo ikianza kuuma au mikono kufa ganzi, punguza mzigo na uje upimwe. Ngata nzuri hutuliza mzigo, lakini haiupunguzi uzito.

Ninunue belti ya mgongo?

Kwa maumivu sugu, yaliyopita miezi mitatu, usinunue, tunza pesa yako. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 haupendekezi belti, wala kuvutwa mgongo kwa mashine, wala mashine ya mawimbi ya sauti, wala ile ya kutekenya kwa umeme. Unapendekeza mtu aelimishwe kuhusu hali yake na afanye mazoezi. Kukandwa umekukubali kama nyongeza. Najua kulala chini ya mashine inayolia kunampa mtu imani kuliko kuambiwa ainame mara nane, na ndiyo sababu mashine hazijaondoka kwenye kliniki zetu.

Naendesha boda kuanzia alfajiri hadi usiku. Kiuno kinawaka.

Mtetemo na mkao mmoja kutwa nzima ndivyo vinavyokuchosha. Ukimshusha abiria, shuka na wewe. Ukiwa steji, simama badala ya kulalia pikipiki, shika kiuno ujikunje nyuma mara tano. Na shoki zikifa, zibadilishe.

Mama yangu ana miaka 63. Ameambiwa mafuta ya magoti yameisha. Tumpeleke akadungwe sindano?

Neno hilo la mafuta kuisha limewakalisha kina mama wengi kwenye viti. Mtu akisikia mafuta yameisha, anaona kila hatua inasaga mfupa. Ukweli ni kwamba gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, umepungua ulaini, na goti linafura mara kwa mara. Gegedu haina mishipa ya damu. Hupata chakula chake kwa kubanwa na kuachiliwa, nako huja kwa kutembea. Tena mzigo wa goti hupokelewa na misuli ya paja, na paja la mtu aliyekaa miezi sita limenyauka.

Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walilinganisha sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, na fiziotherapia kwa wagonjwa 156 wa magoti kama ya mama. Baada ya mwaka mmoja, waliopata fiziotherapia walikuwa na maumivu kidogo na uwezo mkubwa zaidi. Sindano yaweza kutuliza kwa wiki kadhaa goti likiwa limewaka, sikatai, lakini haijengi paja. Kuhusu upasuaji wa kuosha goti kwa ndani kwa kifaa chenye kamera, utafiti wa Houston wa mwaka 2002 uliwachanja ngozi tu baadhi ya wagonjwa 180 bila kugusa goti, na hao wakaendelea sawasawa na waliooshwa.

Jaribuni hivi nyumbani. Tafuteni kiti cha mbao kisichoyumba, mkiegemeze ukutani. Mama aketi ukingoni, miguu imeachana kidogo, mikono ikunjwe kifuani. Asimame polepole, akae polepole zaidi, asijiangushe. Akishindwa, wekeni mto juu ya kiti kiwe kirefu. Mara nane, apumzike, mara nane tena, siku tatu kwa wiki. Maumivu kidogo wakati wa zoezi hayana neno. Asubuhi yake goti likiwa limefura au linauma kuliko jana, punguzeni idadi, msiache. Mpeni miezi mitatu. Na zile tembe za maumivu za diklofenaki anazomeza kila siku kutoka duka la dawa, mwulizeni daktari, hasa kama ana presha, vidonda vya tumbo au figo dhaifu.

Nitajuaje kwamba maumivu yangu si ya kutibiwa kwa mazoezi?

Nenda hospitali leo hii, usingoje kesho, kama mgongo unauma na mkojo umekwama au unatoka wenyewe, au choo hukizuii, au umekufa ganzi sehemu za siri na makalio pale unapokalia, au miguu inaishiwa nguvu. Hali hiyo ni ya dharura, na hapa mjini hospitali ya rufaa ya Jaramogi, ile tunayoiita Russia, haiko mbali. Vilevile usingoje baada ya kuanguka au ajali, ukiwa na homa, au ukiwahi kuugua saratani. Kijana mwenye sikoseli anayechechemea kwa maumivu ya nyonga naye asipewe mazoezi kabla ya picha, maana kichwa cha mfupa wa paja huweza kufa kwa kukosa damu.

Na kuna jambo ninalowauliza wote, hata waliokuja kwa mguu wao wakicheka. Umekonda bila sababu? Unatoka jasho usiku mpaka shuka inalowa? Maumivu hayapungui hata ukilala? TB hushika uti wa mgongo pia, na inaweza kufanya hivyo bila kikohozi chochote. Dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali, na mgonjwa akianza kuzimeza kabla pingili hazijaporomoka, ana nafasi nzuri ya kubaki na mgongo ulionyooka.