Kipenyo cha 47 Katika Skripti Si Kipenyo cha 47 Katika Alumini

Wiki hii nimeletewa tena faili la hauzingi (kifaa chenye tundu linaloshika beringi) ya alumini kwa beringi ya 6204, ambayo kipenyo chake cha nje ni milimita 47, likiambatana na maelezo kwamba hakuna haja ya kupima chochote, kwa kuwa kipenyo cha tundu kimeandikwa 47 katika skripti, yaani maandishi ambayo kompyuta huchora kifaa kwa kuyafuata, na namba ya skripti haikosei. Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi mno, na kila mara alumini nzuri huharibika kwa ajili yake.

Mchoraji alitumia OpenSCAD, programu ya kuchora vifaa kwa skripti. Naipenda programu hiyo na ninaitumia mwenyewe, lakini haina duara. Inachokiita silinda ni poligoni, na usipogusa $fa, $fs na $fn, mipangilio inayoamua idadi ya pande, silinda ya kipenyo cha 47 hutoka na pande 30. Pembe za poligoni ndizo zinazokaa juu ya duara ulilolikusudia, ilhali pande zake hupita kwa ndani. Zidisha 47 kwa kosaini ya nyuzi 6, yaani nusu ya pembe ya upande mmoja, utapata 46.74, na huo ndio upana wa tundu kutoka upande mmoja hadi ule unaoukabili. Umepungukiwa na robo milimita, wakati H7, daraja la usahihi wa tundu, kwa kipenyo hicho inaruhusu milimita 0.025 kwenda juu na sifuri kwenda chini. Kosa ni mara kumi ya nafasi uliyopewa, na limetendeka kabla mashine haijawashwa.

Ukiweka $fn kuwa 360, upungufu hushuka hadi kama mikroni 2 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na hapo huambiwa kwamba tatizo limekwisha. Halijakwisha. Faili la STL, ambalo OpenSCAD hulitoa, bado ni vipande bapa, halijui duara, wala halisemi kama namba zake ni milimita au inchi. Programu ya kupanga njia za kisu hutoa mamia ya amri fupi za G1 (mwendo wa mstari ulionyooka) mahali ambapo G2 (mwendo wa tao) chache zingetosha. Kwa kazi ya metali tumieni CadQuery, programu nyingine ya kuchora kwa skripti, mtoe faili la aina ya STEP, ambalo huhifadhi silinda halisi.

Kinachoniudhi zaidi ni wale wanaoongeza 0.2 kwenye kila tundu kwa mazoea ya printa ya plastiki. Beringi katika tundu la 47.2 haishikwi na chochote. Acheni 47 katika skripti, andikeni H7 kwenye mchoro, kwa maana kipimo hicho hufikiwa na fundi anayechonga, akapima, akachonga tena. Wapo mafundi wanaotaka mchoro wa 47.0125, katikati ya nafasi. Mimi nataka 47, ingawa hoja yao ina uzito.

Vitabu huandika kana kwamba kila karakana ina joto la nyuzi 20 za Selsiasi. Yangu, hapa Dar es Salaam, mchana hufika 32, na kwa joto hilo alumini ya 47 hutanuka takriban mikroni 13, nusu ya nafasi yote ya H7. Mikromita (kipimio) ya chuma nayo hutanuka, ila kwa kama nusu ya hapo, kwa hiyo mkato wa mwisho naufanya alfajiri. Hata hivyo, ukuta ukiwa mwembamba, tundu lililokuwa duara ndani ya taya za mashine zinazoshika kazi hugeuka umbo la yai taya zikifunguliwa, na kiasi chake sijawahi kukikisia sawasawa kwa hesabu.

Hauzingi ya wiki hii ina ukuta wa milimita 3. Nimemwomba mwenye faili aufanye 6. Katika skripti yake ni namba moja tu ya kubadilisha, na mchoro wote utajipanga upya.