Chaguo Bila Kanuni ni Kupiga Ramli: Utunzi wa Hadithi Shirikishi za Kisayansi

Mwaka 1982 Edward Packard alitoa kitabu cha watoto kiitwacho Inside UFO 54-40, ambacho msomaji huchagua mwenyewe ukurasa wa kuendelea nao. Msomaji anajikuta mateka ndani ya chombo cha viumbe wa anga za mbali, na humo anasikia habari za Ultima, sayari ya raha isiyo na mfano. Ukurasa wa Ultima umo kitabuni kweli, lakini hakuna chaguo hata moja linalokupeleka pale. Fuata maelekezo yote kwa uaminifu, anza upya, jaribu kila njia, hutafika. Anayefika ni yule anayepekua kurasa ovyo akaukuta.

Kila ninapofundisha utunzi wa hadithi shirikishi za kisayansi, yaani zile ambazo msomaji huamua mkondo wa matukio, huwa nauanza mjadala na ukurasa huo. Umebeba jambo ambalo waandishi wengi hulipita mbio: kanuni ya ulimwengu wa hadithi imewekwa ndani ya mpangilio wa machaguo yenyewe. Ultima haifikiki kwa kuchagua, na msomaji analigundua hilo kwa vidole vyake.

Katika hadithi ya mapenzi au ya upelelezi, msomaji huingia na ujuzi wake. Anajua wivu ulivyo, anajua mtu akidanganywa hukasirika, kwa hiyo ukimuuliza kama mhusika aseme ukweli au afiche, ana kitu cha kupimia. Katika hadithi ya kisayansi yeye ni mgeni kabisa. Hajui mashine ya kusafiria wakati inadai nini kwa mwenye kuitumia, wala kiumbe wa sayari ile hukasirishwa na nini, wala injini ikizidishiwa nguvu italipuka au itazimika tu. Ukimwekea njia panda ukurasa wa pili, "ingia mlango wa bluu au wa kijani", umempigisha ramli. Akifa nyuma ya mlango wa kijani, atakachojifunza ni kwamba mwandishi aliamua afe. Vitabu vya namna hiyo vya mfululizo wa kampuni ya uchapishaji ya Bantam ulioanza na The Cave of Time mwaka 1979 vilikuwa na vifo vingi vya namna hiyo, na wasomaji walijitetea kwa kubana kidole kwenye ukurasa walikotoka ili warudi haraka. Mimi kidole kile nakiona kama malalamiko, na malalamiko ya haki.

Dawa yake ni kuionyesha kanuni kwanza, kwa tukio dogo, kabla ya kumdai msomaji uamuzi mkubwa.

Chukua kituo cha watafiti kwenye sayari ya Mirihi. Mtambo wa kusafisha hewa umekufa, watu sita wamo ndani. Ukutani kuna vipimo viwili, cha oksijeni na cha kabonidioksidi, na msomaji lazima aamue nguvu za watu waliochoka azielekeze wapi: kuileta mitungi ya oksijeni ya akiba, au kutengeneza vichujio vya kabonidioksidi. Karibu kila mtu atakimbilia oksijeni. Mwili wa binadamu una hesabu nyingine. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21 na kabonidioksidi takriban asilimia 0.04 tu. Katika chumba kilichofungwa, kabonidioksidi tunayoitoa ikifikia asilimia 5 hivi kichwa kinagonga, mtu anahema mbio na akili inaanza kuvurugika, ilhali oksijeni ingali karibu asilimia 15, kiasi ambacho mtu bado anaweza kuishi nacho. Ndiyo hali iliyowakabili wanaanga wa Apollo 13 mwaka 1970: katika chombo walichohamia oksijeni ya kupumua ilitosha, ila vichujio vya kabonidioksidi havikutosha, ikabidi waunge vya chombo kingine kwa vitu vilivyokuwepo mkononi.

Mwandishi mvivu atamwacha msomaji achague mitungi, kisha amuue. Mimi ningetanguliza kisa kidogo. Usiku uliopita fundi mmoja amejifungia kwa bahati mbaya kwenye stoo finyu isiyopitisha hewa. Asubuhi anatolewa akihema, ameshika kichwa, na kipimo alichovaa kifuani kinaonyesha oksijeni haijashuka kiasi cha kutisha. Wenzake wanacheka, wanampa maji, hadithi inaendelea. Hakuna aliyeeleza chochote. Njia panda ikifika, msomaji makini atashika vichujio. Aliyepitiwa akachagua mitungi atamkumbuka yule fundi kabla hadithi haijamwambia kosa liko wapi. Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini katika hadithi shirikishi mjukuu lazima afanane na babu yake: matokeo yaonekane wazi yametoka kwenye uamuzi gani.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni "hadithi yako ina miisho mingapi?" Sioni kama ni kipimo kizuri. Machaguo 10 mfululizo, kila moja likiwa na njia mbili zisizokutana tena, huzaa miisho 1,024 na jumla ya vifungu 2,047. Andika maneno 100 tu kwa kila kifungu, umeshapita maneno 200,000. Msomaji wa safari moja ataona vifungu 11. Jasho la miaka linasomwa kwa dakika chache, na vifungu vingi vitakuwa vikavu kwa sababu hakuna mtu awezaye kuvipa uhai vyote.

Kwa hiyo waandishi wazoefu huacha matawi yakutane tena, kisha huiachia programu ya kompyuta kazi ya kukumbuka msomaji alichagua nini. Mambo matatu ya ndiyo au hapana, kwa mfano kama ulimdanganya nahodha, kama ulitumia betri ya akiba, kama ulifuta rekodi za kompyuta ya chombo, tayari yanatoa hali nane tofauti zinazoweza kuingia katika tukio moja. Tukio ni lile lile, kikao cha watu sita mezani, lakini nahodha anayejua ulimdanganya hakutazami kwa jicho lile lile, na taa zinafifia kwa sababu betri uliimaliza wewe. Sentensi tatu zilizobadilika zinamgusa msomaji kuliko mwisho wa 900 ambao hataufikia. Zana za kufanyia haya zipo bure: Twine aliyoitoa Chris Klimas mwaka 2009 inamfaa anayependa kuona vifungu vyake kama ramani, na ink ya studio ya inkle, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2016, inamfaa anayependa kuandika moja kwa moja kama maandishi ya kawaida. Anza na yoyote, tofauti hiyo isikupotezee wiki.

Jambo linalonipendeza zaidi katika fani hii ni muda. Ishara ya redio kutoka Mirihi hadi duniani huchukua kati ya dakika 3 na 22, kutegemea sayari hizo mbili ziko wapi, na jibu nalo lina safari yake. Chaguo la "omba ushauri duniani" lina gharama, basi. Huna haja ya kubuni adui. Umbali wenyewe unatosha kumbana mhusika. Mchezo wa simu Lifeline wa mwaka 2015 ulikwenda mbali zaidi: unawasiliana kwa ujumbe na mwanaanga aliyekwama, na akikuambia anakwenda kutembea au kulala, unasubiri kweli, saa zinapita, unaendelea na shughuli zako huku ukijiuliza kama ushauri uliompa umemfikisha salama. Hapo kusubiri kumekuwa sehemu ya msuko, na sijui kitabu cha karatasi kingefanyaje hivyo.

Na machaguo ya kiini macho, yale ambayo njia zote zinaishia pamoja? Mwaka 1967 kwenye maonyesho ya dunia ya Montreal, Radúz Činčera wa Chekoslovakia alionyesha Kinoautomat, filamu iliyosimamishwa ili watazamaji wapige kura kwa vitufe, na kura zozote walizopiga ziliwarudisha kwenye mwisho ule ule wa moto. Yeye alikusudia hivyo. Hadithi ya kisayansi ina ruhusa ya kufanya vilevile pale ambapo kutoweza kubadilisha jambo ndiyo kanuni ya ulimwengu wake, kama katika safari ya kurudi wakati uliopita ambako kila unalorekebisha linakuwa chanzo cha kile ulichokuja kuzuia. Nje ya hapo, chaguo lisilobadilisha mambo wala halimfunui mhusika linamwibia msomaji imani yake, na akishatambua mara moja ataacha kupima, atabonyeza tu.

Ndiyo maana rasimu ikikamilika namwomba mtu aisome mbele yangu, nami naangalia mkono wake kuliko uamuzi wake. Anapobonyeza bila kusita, chaguo hilo nalifuta na kuliunganisha na simulizi. Anaposita kwa kuchanganyikiwa, narudi nyuma kurasa kadhaa kutafuta kanuni niliyosahau kuionyesha. Anaponiuliza, "nikienda huku nitapoteza nini kule?", nakiacha kifungu kama kilivyo.