Je, Wajua Programu ya Mtandaoni Hulipimaje Wazo la Biashara?

Una wazo. Kila alfajiri utanunua samaki soko la Feri, Dar es Salaam, na kabla ya saa nne uwe umewafikishia wateja majumbani kwao Mbezi Beach na Tegeta. Unafungua tovuti inayopima mawazo ya biashara, unajibu maswali, unabonyeza kitufe, na kwenye kioo cha simu inatokea namba: 80 kwa 100. Roho inafurahi. Lakini hiyo 80 imetoka wapi? Tovuti haijawahi kunusa samaki, haiijui foleni ya Barabara ya Bagamoyo, wala haijui kama una chombo cha barafu au huna.

Imetoka kwa mtu. Kuna aliyekaa kabla yako akaamua swali lipi liulizwe na jibu lipi lipewe alama ngapi. Ukiondoa rangi na picha, programu ya namna hii ina vitu vitatu tu. Kuna fomu inayofunguka kwenye kivinjari cha simu yako. Kuna seva, yaani kompyuta iliyoko mbali, inayopokea majibu na kuyapigia hesabu. Na kuna hifadhidata, ambayo ni daftari la hiyo seva. Kijana aliyekwisha kujifunza lugha ya kuandikia programu, kama Python au PHP, na akaizoea anaweza kuviunganisha vyote vitatu kwa siku chache. Kazi ngumu ni kanuni: uulize nini, kwa mpangilio upi, na majibu uyajumlishe vipi. Hapo ndipo programu nyingi zinapokosea, na anayeumia ni mwenye mtaji mdogo aliyeiamini namba.

Kanuni yenyewe ina umri mrefu. Septemba 1772 Benjamin Franklin, mwanasayansi na mwanasiasa wa Marekani, alimwandikia barua Joseph Priestley, mwanasayansi wa Uingereza aliyekuwa njia panda, hajui akubali kazi aliyoahidiwa au aiache. Franklin hakumwambia achague nini, alimwonyesha namna ya kuchagua. Chukua karatasi, ipige mstari katikati, huku andika sababu za kukubali na kule za kukataa. Jipe siku tatu au nne, kila sababu inapokujia iandike. Kisha pima uzito: sababu moja ya huku ikilingana na mbili za kule, zifute zote tatu. Endelea hivyo mpaka uone mzani umelalia wapi.

Fomu ya mtandaoni ni karatasi hiyo hiyo ya Franklin. Wengi wanaoitengeneza, hata hivyo, huchukua ule mstari wa katikati na kuziacha zile siku tatu. Wanataka mtu amalize ndani ya dakika tano. Mimi naona programu nzuri ni ile inayohifadhi kila jibu papo hapo kwenye hifadhidata, ili mtu aweze kufunga simu, akaenda Feri akaulize bei ya changu na kibua, kisha akarudi kesho na kuendelea alipoishia.

Kuna hatari nyingine iliyojificha kwenye maswali yenyewe. Mwaka 1920 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, alichunguza jinsi maofisa wa jeshi walivyowapa alama askari wao. Aligundua kwamba askari aliyeonekana bora kwa jambo moja alipewa alama za juu karibu kwa kila jambo, akili, uongozi, hata tabia, kana kwamba mng'ao wa sifa moja ulizimulika zote. Miaka ya 1950 mwanasaikolojia Daniel Kahneman, akiwa bado kijana katika jeshi la Israeli, alikutana na tatizo la namna hiyo kwenye usaili. Dawa yake ilikuwa nyepesi. Alichagua sifa sita, akawaagiza wasaili waulize mambo yaliyotokea kweli kuhusu sifa moja, waipe alama kuanzia 1 hadi 5, ndipo wahamie inayofuata. Usaili ule ulitabiri vizuri kuliko wa zamani uliotegemea jinsi msaili alivyomwona mtu kwa jumla.

Sasa fikiria mwenye wazo anayelipima wazo lake mwenyewe. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Ukimuuliza, "Je, tatizo unalotaka kulitatua ni kubwa?" atajibu 5, na hana nia mbaya, amelipenda wazo lake. Muulize badala yake, "Mwezi uliopita ni watu wangapi walikuomba uwaletee samaki, bila wewe kuanza kuwaambia?" Hapo atanyamaza kidogo. Kunyamaza huko kuna thamani kuliko alama yoyote. Ndiyo sababu maswali yawekwe moja kwa kila ukurasa, yaulize vitu vinavyohesabika, na jumla isionekane mpaka swali la mwisho lijibiwe. Mtu akiiona jumla inapanda huku anajibu, ataanza kuifukuzia.

Turudi kwenye ile 80. Tuseme programu ina vipimo vitano, kila kimoja kina alama 0 hadi 5: uhitaji, wateja, faida, ushindani na uwezo. Wazo la samaki limepata 5 kwa uhitaji, 5 kwa wateja, 5 kwa faida, 4 kwa ushindani, na 1 kwa uwezo, kwa sababu huna chombo cha barafu na bodaboda itapita juani. Jumla ni 20 kati ya 25, yaani 80 kwa 100. Jirani yako ana wazo la kushona sare za shule, nalo limepata 4 kila mahali. Jumla 20 kati ya 25. Naye ana 80 kwa 100. Kwa programu, mawazo haya mawili ni pacha. Kwa mtu yeyote aliyewahi kubeba samaki saa nne asubuhi, si pacha hata kidogo.

Kosa liko kwenye kujumlisha. Ukijumlisha, wingi wa huku unafidia upungufu wa kule, kana kwamba wateja wengi wanaweza kumgandisha samaki. Njia mojawapo ya kurekebisha ni kuzidisha alama badala ya kuzijumlisha, kisha kutafuta kipeuo cha tano, yaani ile namba ambayo tano za namna yake zikizidishwa pamoja zinaleta jibu hilo. Kwa mshonaji, 4 mara 4 mara 4 mara 4 mara 4 ni 1,024, na kipeuo chake cha tano ni 4 kamili. Amebaki na 80 yake. Kwa samaki, 5 mara 5 mara 5 mara 4 mara 1 ni 500, na kipeuo chake cha tano ni kama 3.47 kati ya 5. Ameshuka hadi 69 kwa 100. Na kama uwezo ungekuwa 0, jibu lote lingekuwa 0, hata kama pengine pote pana 5. Wastani huu unaitwa wastani wa kijiometri. Umoja wa Mataifa uliuchukua mwaka 2010 kwa kipimo chake cha maendeleo ya binadamu, kwa sababu hiyo hiyo: nchi isiweze kufidia kikamilifu afya mbovu kwa kipato kikubwa. Katika msimbo wa programu, badiliko hili ni mstari mmoja. Kwa mtu anayetaka kuuza pikipiki yake apate mtaji, mstari huo ni mkubwa sana.

Watengenezaji huhangaika pia na uzito: faida ihesabiwe mara mbili ya ushindani, au mara tatu? Usikeshe hapo. Mwaka 1979 mwanasaikolojia wa Marekani, Robyn Dawes, alionyesha kwamba katika mambo mengi ya kutabiri, hesabu rahisi inayovipa vipimo vyote uzito sawa hufanya vizuri kuliko hukumu ya mtaalamu. Chagua vipimo sahihi, mengine yatafuata.

Siku hizi wengi huruka kanuni yote na kuiunganisha fomu na akili mnemba: mtumiaji aandike wazo, modeli itoe hukumu. Inavutia, na kwa kazi fulani inasaidia, kwa mfano kukumbusha swali ambalo hukulifikiria. Lakini modeli hizi hufunzwa kwa sehemu kutokana na majibu ambayo watu wameyapenda, na watu hupenda kusifiwa. Aprili 2025 kampuni ya OpenAI ililazimika kuliondoa toleo jipya la modeli yake ya GPT-4o siku chache baada ya kulitoa, kwa kuwa lilikuwa limezidisha kuwasifu watumiaji na kukubaliana nao. Ukiitumia, iache iulize maswali na ipinge. Alama zitoke kwenye kanuni ambayo mtumiaji anaweza kuisoma na kuirudia kwa kalamu.

Hata kanuni ikiwa safi, bado kuna kitu ambacho karatasi haiwezi kukiona. Mwaka 2005 M-Pesa ilijaribiwa Nairobi na Thika ikiwa na kazi nyingine kabisa: kuwawezesha wateja wa taasisi ya mikopo midogo kulipa marejesho yao kwa simu. Majaribio yalipoanza, watu wakaanza kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe kwa shughuli zao. Safaricom ilipoizindua rasmi Machi 2007, iliinadi kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Ungeliingiza lile wazo la mwanzo kwenye programu yoyote ya kupima, lingepimwa kama wazo la kulipia mikopo. Walioligeuza ni watumiaji.

Kwa hiyo kila alama kwenye hifadhidata inatakiwa iwe na jirani yake: safu ya ushahidi. Umejuaje? Nimekisia, nimeuliza watu, au nimeuza kweli? Mwaka 1999 Nick Swinmurn, mwanzilishi wa Zappos, duka la viatu la mtandaoni la Marekani, hakujaza ghala la viatu kwanza. Alikwenda kwenye maduka ya karibu, akapiga picha viatu, akaziweka mtandaoni. Mteja akiagiza, anarudi dukani, anakinunua kwa bei ya duka na kukituma. Biashara ya namna hiyo haina faida, lakini ilimpa jibu la swali moja: je, mtu atanunua kiatu ambacho hajakijaribu mguuni?

Hapo ndipo ukurasa wa mwisho wa programu unapopata kazi. Usianze na namba. Uanze na kipimo chenye alama ndogo na ushahidi dhaifu, kisha umpe mtu jaribio moja la wiki hii lenye gharama ndogo. Kwa samaki wetu itakuwa hivi: azima au kodi chombo cha barafu kwa siku tatu, tafuta wateja kumi wa Tegeta waliokwisha kulipa, ondoka Feri alfajiri, na ukifika mlango wa mwisho fungua kifuniko utazame macho ya samaki. Kisha rudi kwenye simu ujaze upya. Programu isifute alama za zamani: kila upimaji uwe mstari mpya wenye tarehe yake, ili uwezo uliokuwa 1 Jumatatu uonekane umekuwa 3 Ijumaa, au umebaki pale pale. Na ukurasa uwe mwepesi, maana atakayeufungua yuko barabarani na bando lake ni la kupima.