Mkondo umepanda, je, kuna kichocheo?

Neli nano za kaboni (mirija midogo mno ya kaboni), grafini (utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja) na jamaa zao zikipakwa juu ya elektrodi, yaani kipande kinachoingiza au kutoa umeme kwenye myeyusho, hupitisha elektroni kati ya elektrodi na molekuli zilizo kwenye myeyusho. Basi, kazi yake ndiyo hiyo. Kinachokera ni neno linalobandikwa mara tu mkondo wa umeme unapopanda: "kichocheo".

Kuchochea, kwa asili, ni kusukuma kuni ndani ili moto ukolee. Wanakemia walipoliazima neno waliliwekea masharti: kichocheo hushusha nishati inayohitajika mmenyuko uanze, nacho chenyewe hakimaliziki. (Kuni huisha, lakini hilo tuwasamehe.) Ukiwasha jiko la pili pembeni, joto litaongezeka humo chumbani, ila moto wa kwanza hukuuchochea.

Chukua elektrodi ya kaboni-kioo (kaboni ngumu inayong'aa kama kioo) yenye kipenyo cha milimita 3, idondoshee mikrolita 5 za neli zilizotawanywa kwa miligramu 1 katika kila mililita, iache ikauke, kisha pandisha na ushushe volteji ukichora grafu ya mkondo. Vilele vya mkondo vitapanda, na mara nyingi vile viwili, cha kwenda na cha kurudi, vitasogeleana. Hapo watu husema elektroni sasa zinahama haraka. Huenda sivyo. Utando huo ni kama sifongo: myeyusho umenasa humo ndani, na molekuli hazina tena safari ndefu. Zidisha kasi ya kubadili volteji mara 4. Kilele kikikua mara 2, molekuli zinatoka mbali. Kikikaribia mara 4, unapima zilizonaswa. Vilele vikiachana kwa chini sana ya milivolti 57 (elektroni moja, nyuzi 25 za Selsiasi), shuku jambo hilohilo.

Halafu kuna uchafu. Neli nyingi hukuzwa juu ya chembe za chuma, nikeli au kobalti, na kuosha kwa asidi hakuzimalizi, maana nyingine zimefunikwa kwa tabaka za kaboni. Katika upunguzaji (kupewa elektroni) wa peroksidi ya hidrojeni, sifa iliyopewa neli imewahi kuonekana kuwa ni ya hizo chembe za oksidi ya chuma. Paka chembe hizo peke yake kwanza, ulinganishe.

Kaboni inaweza kuchochea kweli. Ile iliyotiwa nitrojeni hufanya hivyo katika upunguzaji wa oksijeni. Lakini kabla ya vipimo hivyo, andika tu "utando umeongeza mkondo". Hakuna atakayekudharau.